Maji ya Msiba

Alhamisi tarehe sita Novemba, saa mbili na nusu asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Saa naikumbuka kwa sababu tangu nimwoe dada yake, shemeji yangu Elinaike hakuwahi kuniita kwa jina, na asubuhi ile aliita Anaeli, mara mbili, kutoka shambani kwake.

Shamba lake liko chini ya langu, mteremko huo huo. Katikati kuna mstari wa migomba na njia ya mbuzi. Nilishuka na jembe mkononi, nikamkuta amepiga magoti kati ya mistari, amelishika ua la mbangi kwa vidole viwili kama mtu anayemshika mtoto kidevu.

"Tazama," akasema. "Halafu niambie siyo."

Nikainama. Katikati ya ua, mahali ambapo hutakiwi kuona kitu ila vinywele vyeupe na utomvu, kulikuwa na vitu vitatu vya manjano vimejikunja, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Sisi huku tunaviita vindizi.

"Ndiyo vyenyewe," nikasema.

"Vingapi vinatosha kuharibu?"

"Unajua mwenyewe."

"Nataka nisikie kwa mtu mwingine."

"Kimoja."

Mbangi una dume na jike. Dawa iko kwenye jike, na ni jike lisiloguswa. Ndiyo maana kila asubuhi tunapita mistari, tunayatafuta madume na kuyang'oa kabla hayajapasuka. Vumbi la dume moja likishika upepo, mlima mzima unabeba mbegu, na kiwanda cha dawa hakitaki mbegu. Hilo analijua hata anayepita njia tu. Wasichokijua wengi ni kwamba jike likikaa na kiu siku nyingi, likaona linakufa bila uzao, linajiotesha udume lenyewe. Ndivyo vindizi hivyo. Siyo ugonjwa. Ni mmea umekata tamaa.

Elinaike alisimama akajipangusa magoti. Udongo wake ulikuwa unga mtupu.

"Siku thelathini na moja, shemeji. Wingu linapita juu ya kichwa changu, naliona kwa macho yangu, linapanda kwako linamwaga. Mimi nimewakosea nini?"

"Waulize Bodi ya Mvua," nikasema. "Mimi naendesha mawingu?"

"Nimeshawapigia. Mkaguzi anakuja saa sita."

"Umejishtaki mwenyewe? Ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza, ungesema nini?"

Nilitazama juu kule kwangu, majani yamenona yamekuwa meusi kwa maji, na pembeni ya shamba mlingoti mfupi wa chuma wenye kitu nilichokuwa nimekifunga mimi. Kutoka pale alipokuwa amesimama hakikuonekana. Nilihakikisha mapema kwamba hakionekani.

*

Nieleze jinsi tulivyofika hapo, maana wakubwa wakieleza huwa wanaanzia katikati.

Baba yangu alifungwa miezi sita kwa miche minne ya bangi. Mimi nimepewa cheti chenye mhuri kwa miche elfu moja na mia mbili. Mmea ni ule ule, mlima ni ule ule. Waliobadilika ni waliokaa kwenye viti. Waligundua inatoa dawa ya kifafa, ikaacha kuitwa bangi, ikaitwa zao la dawa, na anayeipanda akaacha kuitwa mhuni.

Maji nayo yakabadilika. Zamani tulikuwa na mfereji. Ulitoka msituni ukashuka mashamba yote, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Mkigombana mnakutana kwenye banio, pale juu maji yanapogeuzwa kuingia mferejini, na msimamizi hakuruhusiwa kuanza na maneno mengine yoyote. Alianza kwa kuuliza, "Zamu ya nani?" Ilikuwa lazima mtu aliyesimama pale ajibu, na asijibu jina lake mwenyewe. Ukitaka maji, subiri mwenzako akutaje.

Kulikuwa na jambo moja tu lililovunja zamu. Nyumba yenye kaburi bichi ilipewa maji siku tatu, hata kama zamu yake ilikuwa mwisho wa mwezi. Mwenye msiba hakugusa jembe wala hakusogelea mfereji. Majirani walikuja kumgeuzia maji kimya kimya, ili shamba lisife yeye akiwa amekaa mkekani. Tuliyaita maji ya msiba.

Kisha mvua zikachanganyikiwa. Vuli ikaja Januari, masika ikaja yote kwa wiki moja, chemchemi ikazama. Ndipo Bodi ya Mvua ikaja na maputo yake. Ni makubwa kama makanisa, wameyafunga kwa nyaya juu ya msitu, na yanachunga mawingu kama mtu achungavyo ng'ombe: hili lisogee, hili lisubiri, hili lishuke. Mfereji wakauziba kwa zege. Wakatuletea ratiba, kila kitalu na siku yake ya mvua.

Mwaka jana mwezi wa tatu ratiba ilisema Ijumaa. Alfajiri ya Alhamisi wakaibadilisha. Walituma ujumbe kwenye simu, na simu yetu ilikuwa dukani inachajiwa. Mke wangu Ndeanansia alikuwa anavuka korongo na kapu la maua, anayapeleka kwenye banda la kukaushia. Maji yalikuja juu yake yamesimama wima. Pamoja naye walikufa wengine wawili.

Bodi waliniandikia barua. Shule niliishia darasa la nne, ila sentensi ile naijua kwa kichwa: "Marehemu alikuwepo korongoni nje ya ratiba."

Watu walichachamaa, mpaka viongozi wakashuka kwa magari. Wakasema sawa, ratiba basi. Kuanzia sasa mvua itafuata kiu, siyo kalenda, na wingu halitashushwa lote juu ya watu wasio na kiu. Januari hii wakasimika visikio, kimoja kila shamba. Kisikio ni mlingoti wa chuma unaofika kiunoni. Kazi yake ni kusikia. Mmea ukiwa na kiu, mishipa ya maji kwenye shina inakatika mmoja mmoja, na kila ukikatika unatoa mlio mdogo usiosikika kwa sikio la mtu. Kisikio kinausikia, kinaupeleka mjini kwenye mashine wanayoiita Mizani. Kila siku saa tisa alasiri Mizani inalinganisha vitalu vyote, na panapolia zaidi ndipo wingu linaposhushwa.

Kwa hiyo visikio vililetwa na kifo cha mke wangu. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Septemba niling'oa madume yangu kama kawaida, na kama kawaida ya watu wa huku nikayafunga fungu nikayatundika yakauke nipate kuyachoma. Mlingoti ulikuwa karibu, nikayatundika hapo. Basi. Sikuwaza kitu. Saa tisa wingu likaja likanimwagia mimi peke yangu dakika arobaini.

Siku ya pili tena.

Ilinichukua muda kuelewa. Shina lililong'olewa linakauka kwa siku mbili au tatu, na mishipa yake yote inakatika. Mmea hai wenye kiu unajibana, unafunga majani, unanyamaza ili uishi. Aliyekufa hana cha kubana. Mashine ilisikia fungu la maiti ikadhani ni shamba zima linalia.

Ningelitoa fungu lile siku ile ile. Lakini nilikaa barazani, mvua inapiga bati, nikasema moyoni: haya, hatimaye, maji ya msiba. Mwaka na nusu wamechelewa, lakini yamekuja. Waliniua mke, acha walipe.

Madume yalipokwisha nikaanza kukata majike. Mazima kabisa, yenye maua. Nilikata mimea mizuri ili ipige kelele ikifa.

*

Mkaguzi alikuja saa sita kasoro na pikipiki ya umeme, isiyo na sauti, ukashtukia mtu amesimama nyuma yako. Kijana wa Mbeya, Gwakisa jina lake, shati limechomekwa, viatu vimeshaharibika kwa vumbi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

Elinaike akaitikia marahaba. Mimi nikaitikia kidogo.

Alikata ua moja, akalitia ndani ya kichupa, akakichomeka kwenye kishikwambi. Hakuchukua hata dakika.

"Pole, mama. Ni vindizi, na vimeshaanza kumwaga."

"Hilo nilikwambia kwenye simu, mwanangu. Sikukuita uje uniambie nilichokwambia."

Akatabasamu kidogo, halafu akaacha. "Sheria unaijua. Shamba linachomwa ndani ya siku tatu. Cheti kinarudi Bodi. Na ardhi, kwa kuwa ilitolewa kwa cheti..."

"Ardhi hii alilima mama yangu."

"Kabla ya cheti. Najua. Sikuandika mimi."

"Nyinyi hamwandiki kitu," nikasema. "Kila siku mnaagizwa. Huyo anayeandika anakaa wapi tumwendee?"

Mkaguzi aliinamia kishikwambi. Alikuwa anasoma. "Kuna kifungu kimoja," akasema taratibu, akimtazama Elinaike. "Kiu ikitokana na kosa la kugawa mvua, siyo la mkulima, mkulima habebi lawama. Shamba linachomwa lakini ardhi inabaki kwake, na anapewa miche upya. Lazima nijaze chanzo. Sasa rekodi inasema hivi: siku thelathini na moja, kitalu cha nane, ambacho ni wewe, hakuna mvua. Kitalu cha saba, mvua mara kumi na nne."

"Kitalu cha saba ni mimi," nikasema, kabla hajasema yeye.

"Ndiyo, mzee. Na Mizani haijakosea. Nimekagua. Kisikio cha mama kizima, chako kizima. Kila siku wingu lilipopatikana, chako ndicho kilicholia zaidi."

"Kinaliaje?" Elinaike akauliza.

"Naweza kukusikilizisha. Ni sauti nyembamba mno; tunaishusha mpaka sikio lisikie."

Akagusa kishikwambi. Kwanza kitalu cha nane. Ta. Kimya kirefu. Ta, ta. Kama mtu anayekata kucha moja moja. Elinaike alifunga macho. Alikuwa anasikiliza shamba lake.

Kisha kitalu cha saba. Ilikuwa kama chumvi imemwagwa kwenye mafuta ya moto. Haikupumua hata kidogo.

Elinaike alifungua macho. Hakumtazama mkaguzi. Alinitazama mimi, muda mrefu, jinsi dada yake alivyokuwa akinitazama nikirudi na pombe kichwani nikisema nilikuwa kikaoni.

"Hiyo inalia kama kuni," akasema.

"Mama?" Gwakisa hakuelewa.

"Basi tu. Shemeji, si ulisema una kazi kule juu? Nenda kaimalize."

*

Nilipanda. Jua lilikuwa kali, na mimi miguu inazama kwenye tope mpaka kifundoni. Siku nyingine nilikuwa naliona lile tope kama mali. Siku ile nilisikia linavyonyonya kiatu.

Nilipita kwenye migomba alikozikwa Ndeanansia. Wiki mbili nilikuwa sijaenda; nilikuwa nasema niko bize. Kaburi lilikuwa limedidimia. Upande wa kichwa ardhi ilikuwa imeingia ndani mkono mzima, na maji yamesimama humo, meusi, yana majani ya mgomba juu. Msalaba wa mbao ulikuwa umelala. Juu yake, kwenye mteremko, kulikuwa na ufa mwembamba unaokwenda kutoka mgomba mpaka mgomba, ninavyoujua mimi ufa wa mlima unaofikiria kushuka.

Aliuawa na maji. Na mimi nilikuwa namwagia mengine juu yake, mara kumi na nne kwa mwezi mmoja.

Nilisimama pale muda mrefu nikajaribu kuwalaumu wao. Nimelaumu mwaka mzima na nusu, sikuwahi kukosa maneno. Bodi, mkuu wa wilaya, aliyesaini barua, aliyeziba mfereji. Wote wana makosa, sifuti hata moja. Lakini twaini iliyofunga lile fungu nilikata mimi kwenye gunia langu.

Nilikwenda kwenye mlingoti nikaikata twaini. Majike kumi na mawili, maua yamesinyaa, bado yananukia. Nikayabeba begani nikashuka.

Ilikuwa saa nane na nusu imepita. Maputo yalishaanza kulisogeza wingu. Lilikuwa moja tu, zito, tumbo limening'inia, na kivuli chake kilikuwa kinateremka mlimani taratibu. Kule chini, kwenye vitalu vya tisa mpaka kumi na nne, watu walikuwa wametoka wamesimama kwenye matuta yao, wanatazama juu. Nao hawakuwa na tone.

Gwakisa alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kishikwambi magotini. Elinaike alikuwa bado amesimama. Nililitupa fungu chini katikati yetu.

"Chanzo hiki hapa," nikasema. "Andika."

Nilimweleza yote, kuanzia Septemba. Hakunikatiza. Nilipomaliza alilisogeza shina moja kwa ncha ya kiatu.

"Maiti," akasema. "Mizani imekuwa ikisikiliza maiti."

"Ndiyo."

"Kwa nini, mzee wangu?"

Nikamwambia habari ya maji ya msiba. Nilijaribu kuieleza vizuri, kwamba ilikuwa desturi, kwamba nilistahili na sikupewa.

Elinaike alicheka, kicheko cha puani. "Siku ngapi, shemeji?"

"Nini?"

"Maji ya msiba. Yalikuwa siku ngapi?"

"Tatu."

"Na ni nani aliyekuwa anayageuza? Mwenye msiba au majirani?"

Nikalitazama fungu.

"Na msiba ulikuwa wako peke yako? Mimi nilizika nani? Mimi nililala mkeka gani? Tulitoka tumbo moja na Nansia. Nilikaa hapa chini nasikia mvua inapiga bati lako, nikasema afadhali, shemeji yangu amepata ahueni, Mungu amemkumbuka. Nilikuombea heri, wewe."

Ningependelea angenipiga.

"Andika," nikamwambia Gwakisa tena. "Andika ni mimi. Chukueni shamba langu, yeye abaki na lake. Nitamhamisha mke wangu nimzike kwake."

Kijana hakuandika. Alikuwa anatazama wingu, kisha kishikwambi, kisha lile fungu.

"Nikiandika hivi, mama anapona," akasema. "Hiyo ni kweli. Lakini mzee, sikia. Hii siyo taarifa ya shamba moja. Nikiandika kwamba Mizani haiwezi kutofautisha mmea wenye kiu na mmea uliokufa, kesho asubuhi wanazima visikio vyote. Mlima wote. Kule mjini wako wengi tu wasiovitaka; wanavitafutia sababu tangu Januari. Vikizimwa hatubaki bila kitu. Inarudi ratiba."

Gwakisa alifuta vumbi kwenye kishikwambi.

"Ratiba ile ile," akasema. "Ya simu. Ya alfajiri."

Niliona korongo. Niliona kapu.

"Na usipoandika?" Elinaike akauliza.

"Nisipoandika, chanzo kinakuwa uzembe wa mkulima. Kitalu cha nane. Siku tatu, moto. Mzee ataacha mchezo wake, atanyamaza, mimi nitanyamaza, visikio vitaendelea kusikia. Mpaka atokee mwingine wa kutundika fungu." Akampa Elinaike macho, halafu akayarudisha kwangu. "Mimi nina mama kule Rungwe, ana kisikio kama hiki. Niandike nini?"

Nilifungua mdomo. Mtu aliyezoea kuwaambia wakubwa walivyokosea hakosi la kusema, nilidhani. Hapakuwa na mkubwa pale. Alikuwa kijana mwenye viatu vibovu, mwanamke niliyemwibia, na mimi.

Ndipo nikasikia kishikwambi. Gwakisa hakukizima, kilikuwa bado kinasikilizisha. Kitalu cha saba kilikuwa kimya. Lakini kitalu cha nane kilikuwa kinapasuka kama chumvi kwenye mafuta, mfululizo, na sote watatu tukatazama chini kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimelitupa fungu hatua mbili kutoka kwenye kisikio cha Elinaike.

Kivuli cha wingu kilisimama. Kisha kikaanza kugeuka, polepole, kuja upande wetu.

"Dakika sita," Gwakisa akasema. "Ikifika saa tisa inashusha." Hakuinuka kwenye ndoo.

Kule chini watu waliona kivuli kinavyogeuka. Mwanamume mmoja wa kitalu cha kumi alivua kofia akaketi juu ya tuta lake.

Elinaike aliinama akalishika fungu kwa twaini, ila hakuliinua. Mkono wake ulibaki pale. Alitazama mistari yake ya vumbi na vindizi vyake vya manjano, akatazama mlima juu hadi kwenye migomba alikolala dada yake ndani ya maji, akatazama watu wa chini. Alipoongea hakuongea na mimi wala na mkaguzi. Ilikuwa ile sauti ya banio, ambayo sikuwa nimeisikia tangu waliposhindilia zege.

"Zamu ya nani?"